Pigo la Kichwa Lisilotoa Damu: Mwanamichezo Asijiamulie Mwenyewe Kurudi Uwanjani

Wapenzi wa michezo katika nchi yetu ni wengi, na miongoni mwao askari na polisi pamoja na jamaa zao wako mstari wa mbele. Wenye umri mkubwa hawajasahau mwaka 1992, wakati Vital'O ya Bujumbura ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Vijana nao wanakumbuka mwaka 2019, Intamba mu Rugamba ilipocheza kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Kila jioni vijana hukusanyika katika viwanja vya Buyenzi, Kamenge, Ngagara na Musaga, na makambini nako mpira hufuata mara baada ya kazi. Hili ni jambo jema, kwani mchezo hujenga mwili, huchangamsha moyo na huwafundisha watu kushirikiana.

Hata hivyo, katika michezo kuna jeraha moja ambalo wengi wetu hatulipi uzito linaostahili. Mguu ukivunjika, kila mtu huona, na machela huletwa. Uso ukipasuka, damu huonekana, na refa husimamisha mchezo. Lakini jeraha hili halitoi damu, halivunji mfupa, na mara nyingi halionekani hata katika picha za kawaida za hospitali. Mwenye kulipata huinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Niko sawa, tuendelee." Jeraha hilo ni mtikisiko wa ubongo.

Katika makala hii tutaeleza namna ubongo unavyodhurika, jinsi madhara hayo yanavyoigusa kumbukumbu tunayoitumia katika kila kazi, na sababu ya kumkataza aliyeumia asiwe mwamuzi wa hali yake mwenyewe.

UBONGO UNAPOTIKISIKA

Ubongo ni kiungo laini sana. Umekaa ndani ya fuvu gumu, umezungukwa na maji yanayoukinga na misukosuko midogo ya kila siku. Chukua yai bichi ulitikise kwa nguvu: ganda halitapasuka, lakini kiini kilichomo kitakuwa kimevurugika. Ndivyo ilivyo kichwa kinapogongana na kichwa cha mwenzake, au kinapopigwa na kiwiko, ngumi, nguzo ya goli au ardhi ngumu ya kiangazi. Si lazima hata kichwa chenyewe kiguswe. Pigo la kifuani linaloirusha shingo kwa ghafla laweza kuutikisa ubongo vilevile.

Baada ya mtikisiko, chembe za ubongo hupoteza utaratibu wake. Madini ya potasiamu yaliyokuwa ndani ya chembe hutoka nje, na kalisiamu iliyokuwa nje huingia ndani. Ili kurudisha kila kitu mahali pake, chembe huhitaji nguvu nyingi itokanayo na sukari iliyomo katika damu. Na wakati huohuo damu inayofika kwenye ubongo hupungua! Ni kama nyumba iliyofikiwa na wageni kumi siku ambayo makaa yamekwisha: kazi imeongezeka, na nguvu ya kuifanyia imepungua. Upungufu huo waweza kudumu siku kadhaa, na pengine wiki. Katika kipindi hicho ubongo hauna akiba ya kuhimili pigo la pili.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja lililoenea. Watu wengi hudhani kwamba asiyezimia hakuumia. Sivyo. Wanaopoteza fahamu ni wachache, hawafiki hata mmoja katika kumi. Wengine wote hubaki wamesimama, macho wazi, na wengi wao huendelea kukimbia.

UBAO MDOGO WA KICHWANI

Wataalamu husema kwamba kumbukumbu ya binadamu si moja. Iko ile inayohifadhi mambo ya miaka mingi, kama jina la mama, njia ya kwenda nyumbani, au sala tulizofundishwa utotoni. Hiyo ni kama ghala. Iko nyingine iliyo ndogo na ya papo kwa papo, ambayo hushika mambo machache kwa muda mfupi ili yatumike katika kazi iliyopo mkononi. Hii waweza kuifananisha na ubao mdogo wa darasani: mwalimu huandika, hukokotoa, hufuta, kisha huandika tena. Tuiite kumbukumbu ya kazi.

Ubao huu twautumia tangu asubuhi hadi usiku. Mama aliyeko soko la Ruvumera anapojumlisha bei ya maharage, mawese na ndagara huku akihesabu chenji, yuko kwenye ubao huo. Mtoto anayeandika imla hulishika neno la mwalimu ubaoni mpaka mkono umalize kuliandika. Askari apewapo amri yenye sehemu tatu, yaani aende wapi, amwone nani na arudi saa ngapi, huishika yote mitatu kwa ubao huo huo. Polisi wa barabarani aliyeona gari likipita mbio huibeba namba yake kichwani hadi atakapopata kalamu. Naye mchezaji wa kiungo hushika kwa mara moja mpira ulipo, mwenzake aliye huru, na adui anayemjia kwa nyuma.

Kazi hii hutegemea kwa kiasi kikubwa sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ikisaidiana na sehemu nyinginezo. Ubongo ukitikisika, ubao huu ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema. Ghala hubaki salama: majeruhi ataitaja siku aliyozaliwa bila shida. Lakini mwambie mambo matatu, atakumbuka moja. Ataingia chumbani na kusahau alichokifuata. Ataanza sentensi na kupoteza mwisho wake. Watu humwona mzembe, mlevi au mkaidi, kumbe ni mgonjwa.

YALIYOONEKANA NDANI YA UBONGO

Kwa miaka mingi madaktari waliamini maneno ya majeruhi kwa sababu hawakuwa na njia ya kuuona ubongo ukifanya kazi. Baadaye ilipatikana mitambo inayotumia nguvu ya sumaku kuonyesha mahali damu inapokwenda kwa wingi mtu anapofikiri.

Mwaka 1999 daktari Thomas McAllister na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya watu waliopata mtikisiko mdogo wa ubongo katika muda wa mwezi mmoja uliotangulia. Waliwapa zoezi la kumbukumbu ya kazi, kisha wakalinganisha na watu wazima wa afya. Katika majibu, makundi mawili yale hayakutofautiana sana. Lakini ndani ya kichwa mambo yalikuwa mengine. Zoezi lilipoongezwa ugumu, ubongo wa waliotikisika uliwaka kwa eneo kubwa kuliko ule wa wenzao. Walifika pale pale, lakini kwa gharama kubwa zaidi, kama mtu abebaye mzigo ule ule kwa mgongo unaouma.

Mwaka 2004 watafiti wa Montreal, nchini Kanada, waliwachunguza wanamichezo ambao karibu wote walikuwa bado wana dalili baada ya mtikisiko. Picha za kawaida za ubongo wao hazikuonyesha kasoro. Walipopewa kazi ya kumbukumbu, sehemu ya mbele ya ubongo iliyopasa kufanya kazi hiyo ilionekana dhaifu kuliko kwa wanamichezo wazima, na sehemu nyingine zisizotarajiwa zikachangamka, kana kwamba zimeitwa kusaidia.

Funzo lililomo ni kubwa. Mtu aweza kujibu sawasawa na bado ubongo wake ukawa unahangaika. Kwa hiyo jibu zuri la dakika moja kando ya uwanja si hati ya kupona.

"KOCHA, NIKO SAWA"

Tarehe 13 Julai 2014, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Ujerumani ilicheza na Argentina fainali ya Kombe la Dunia. Mchezaji wa kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa kichwani mapema katika kipindi cha kwanza. Alitibiwa kidogo, akarudi kucheza. Refa Nicola Rizzoli wa Italia alieleza baadaye kwamba kijana huyo alimwendea na kumwuliza kama mchezo ule ulikuwa ni fainali. Refa akawaarifu wenzake, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Tazama jambo la ajabu: miguu ilikuwa ikikimbia, pasi zikitolewa, mbele ya macho ya dunia nzima, na mwenyewe hajui anacheza mchezo gani.

Hapa Afrika ya Mashariki tunao mfano wa majonzi zaidi. Robert Wangila wa Kenya alijipatia medali ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na jina lake likavuma hadi vijijini. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Refa alilikatiza pambano kwa kuona bondia huyu anapokea mapigo mengi mno, na Wangila akalalamika kwamba bado ana uwezo wa kuendelea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu katika chumba cha kubadilishia mavazi. Tarehe 24 Julai alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 26. Na mwishoni mwa Desemba 2024, mjini Dar es Salaam, bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya kuangushwa katika pambano la ngumi za kulipwa.

Vifo kama hivi hutokana na madhara makubwa kuliko mtikisiko wa kawaida. Lakini mlango wa kuingilia ni ule ule, yaani pigo la kichwa, na katika dakika za mwanzo hakuna ajuaye kwa macho ni lipi dogo na lipi la kuua. Wangila hakuwa akisema uongo aliposema anaweza. Alisema alivyojihisi. Kiungo kilichopaswa kumwambia kwamba ameumia ndicho kilichokuwa kimeumia. Ndiyo sababu tunasema kwamba mwenye jeraha hawezi kuwa hakimu wa jeraha hilo.

Sheria za michezo zimeanza kulitambua jambo hili. Katika ngumi za ridhaa, bondia aliyeangushwa kwa mapigo ya kichwa huzuiwa kupigana kwa muda usiopungua siku 30. Katika kandanda, mwaka 2021 yalianza majaribio ya kuruhusu timu kumbadili mchezaji aliyetikisika ubongo bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida ya mabadiliko, na tangu Julai 2024 utaratibu huo umeingizwa katika sheria kwa mashindano yatakayopenda kuutumia. Makusudio ni kumwondolea kocha kishawishi cha kumwacha majeruhi uwanjani kwa kuogopa kupoteza nafasi.

LA KUFANYA UWANJANI

Si kila timu ina daktari, lakini kila timu ina kocha, nahodha na watazamaji wenye macho. Mchezaji akipigwa kichwa kisha akalala bila kujongea, akainuka akipepesuka, akashika kichwa, akakodoa macho bila kuona, au akaelekea upande usio wake, atolewe mara moja. Halafu aulizwe kwa upole maswali mepesi: Leo tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, na je, tulishinda? Aweza pia kutajiwa tarakimu nne azirudishe kinyumenyume, au kuambiwa ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi Januari, kwa lugha aliyoizoea.

Akikosea, asirudi. Akipata yote lakini pakawa na shaka, asirudi pia. Maswali haya ni ya kumtoa mtu, hayawezi kuwa ya kumrudisha.

Ziko dalili zinazodai majeruhi apelekwe hospitali bila kusubiri mchezo uishe: kuzimia, kutapika mara kwa mara, degedege, kichwa kinachozidi kuuma, maumivu ya shingo, kuona vitu viwiliviwili, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kusinzia kunakozidi, au fujo na mabadiliko ya tabia. Kwa wakazi wa Bujumbura, Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, hospitali ya chuo kikuu iliyoko huko huko Kamenge, na ile ya Prince Régent Charles zafahamika na wote. Shingo ikiuma, majeruhi asiinuliwe kiholela. Alazwe alivyo mpaka wapatikane wanaojua kumbeba.

NYUMBANI

Akina mama, sehemu hii ni yenu hasa, kwa kuwa mara nyingi uwanja hauoni yanayotokea usiku. Mume au mtoto aliyepigwa kichwa asiachwe peke yake katika saa za mwanzo. Asinywe pombe, hata kama timu imeshinda na marafiki wamekuja na chupa za bia, kwa maana ulevi huzificha dalili za hatari. Asipewe dawa ovyo. Asprini, kwa mfano, yaweza kuzidisha kutoka damu. Aulizwe mganga kwanza.

Siku moja au mbili za kwanza apumzike, apunguze kutazama simu na televisheni. Si lazima afungiwe gizani kama ilivyodhaniwa zamani. Kutembea taratibu uani hakumdhuru. Baada ya hapo hurudi kwenye shughuli zake hatua kwa hatua: matembezi, kisha kukimbia polepole, kisha mazoezi ya mpira asipoguswa na mtu, kisha, kwa idhini ya mganga, mazoezi kamili, na mwisho mchezo wenyewe. Kila hatua ipewe angalau siku nzima, na dalili zikizidi arudi nyuma hatua moja. Watu wazima wengi hupata nafuu katika muda wa wiki mbili hivi. Watoto huchelewa zaidi, na wengine huhitaji hadi wiki nne.

Mtoto wa shule anahitaji uangalizi wa pekee. Aliyegongwa Jumapili ataingia darasani Jumatatu akiwa na sura ile ile ya siku zote. Mwalimu ataandika hesabu ubaoni, naye atasahau mstari wa kwanza kabla hajaufikia wa tatu. Asipoelezwa, mwalimu atadhani ni uvivu. Mzazi na apeleke habari shuleni, ili mtoto apunguziwe kazi, apewe muda wa kupumzika, na masharti yaandikwe badala ya kutamkwa tu. Tena arudi darasani kwanza, uwanjani baadaye. Mambo haya yanawahusu wasichana vilevile, kwani uchunguzi wa michezo inayochezwa na wote umeonyesha kwamba wao hupatwa na mtikisiko mara nyingi zaidi kuliko wavulana.

KAZINI: LINDO, SILAHA NA USUKANI

Kwa watu wa kazi nyingine, kusahau kidogo ni aibu tu. Kwa askari ni hatari. Anayeshika lindo lazima alikumbuke neno la siri na amri za zamu. Anayesafisha bunduki lazima akumbuke kama risasi imetolewa chemba. Dereva wa lori anayeteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura, katika kona zile na waendesha baiskeli wale wenye mizigo ya ndizi, anahitaji ubao wake wote wa kichwani. Aliyetikisika ubongo jana, leo asipewe usukani wala silaha mpaka mganga wa kambi aridhie.

Tunajua ugumu wa jambo hili. Askari amefunzwa kuvumilia, na kijana hapendi mkuu wake amwone legelege kwa sababu ya mpira. Ndiyo maana neno lazima litoke juu. Afande akisema mbele ya kikosi kwamba aliyepigwa kichwa ni wajibu wake kutoa taarifa, na wajibu wa mwenzake kumtolea taarifa akinyamaza, aibu itaondoka. Uvumilivu ni sifa mbele ya jua na njaa. Jeraha la ubongo haliponi kwa kuvumiliwa, huongezeka.

MAPIGO YANAYOJIRUDIA

Lililo baya zaidi ni kurudia. Tangu mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza hali ya mabondia wakongwe waliopepesuka na kupotewa na akili kwa wingi wa makonde. Mwaka 2002 daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani, akakuta madhara yaliyojengeka kwa miaka ya kugongana. Na mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walitoa matokeo juu ya wacheza kandanda wa zamani 7,676 wa Uskoti: hatari yao ya kufa kwa maradhi ya kuchakaa ubongo ilikuwa kama mara tatu na nusu ya watu wengine. Tuseme haki, uchunguzi huo huo uliona kwamba wachezaji hao walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo. Mchezo wenyewe si adui.

Kwa sababu hiyo Uingereza iliwaelekeza makocha, mwaka 2020, wasiwafundishe kupiga mpira kwa kichwa watoto wa shule za msingi wakati wa mazoezi. Sisi nasi twaweza kufanya hivyo bila kugharimika hata faranga moja: watoto wetu wajifunze kwanza kutuliza mpira na kupiga pasi, na kichwa kisubiri shingo ikomae.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ubongo huzibwa kwa mambo matatu: kumtoa majeruhi mara moja, kumpa muda wa kupona, na kutomwachia yeye mwenyewe uamuzi wa kurudi. Mechi iliyopotea leo yaweza kuchezwa tena mwezi ujao katika Uwanja wa Intwari. Kijana aliyepoteza akili yake hana mchezo wa marudiano.